Ziwa Linatunzwa Kuanzia Mlimani

Kamati nyingi za kutunza ziwa huzaliwa siku ya usafi. Watu hukusanyika ufukoni, huokota chupa na mifuko, hupanda miche, diwani huhutubia, picha hupigwa. Sina neno baya juu ya siku kama hiyo. Ila maziwa yetu madogo hayafi kwa chupa. Yanakufa kwa udongo uliong'olewa na mvua shambani kwa mtu anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka majini, ambaye huenda hajawahi kuliona ziwa lenyewe wala hajui kwamba lina shida.

Litazameni Ziwa Jipe, lililopo mpakani, Mwanga upande wa Tanzania na Taveta upande wa Kenya. Linalishwa na mto Lumi unaoteremka kutoka Kilimanjaro, pamoja na vijito vya milima ya Upare. Halina kina kirefu. Tope linaloshuka na mvua hutua humo, na palipo na tope huota magugu marefu yanayosonga ufuko kiasi kwamba wavuvi hulazimika kufyeka njia ili mitumbwi ipite. Humo anaishi perege wa Jipe, samaki asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika maji ya bonde la Pangani. Wavuvi wa Jipe wakitii kila kanuni ya uvuvi, wakachoma kila wavu haramu, tope bado litashuka, kwa sababu linatoka kwa watu wengine.

Makala hii nawaandikia ninyi mnaokaa kando ya Jipe, Babati, Duluti, Kitangiri, Ikimba, Naivasha, Kanyaboli na mengine ya namna hiyo: maziwa ambayo hayana mkataba wa kimataifa wa kuyapigania kama Victoria au Tanganyika, au hata yakiwa nao, kazi ya kila siku inabaki mikononi mwa wenyeji. Ninachowaomba ni kimoja. Mpango wenu usiishie ufukoni. Uwe makubaliano kati ya watu wa juu na watu wa chini, maana hao ndio wanaogawana maji wakijua au wasijue.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, tembeeni. Ngojeni mvua kubwa za mwanzo wa masika, kisha kikundi cha watu wachache kipandishe mto unaoingia ziwani. Awepo mvuvi, mkulima, mfugaji, mama anayechota maji, na mzee anayekumbuka mto ulivyokuwa. Bebeni chupa tupu za lita moja zinazoonyesha ndani. Kila panapokutana vijito viwili, chukueni maji ya kila kimoja, andikeni jina la mahali na saa, mwende zenu. Mkirudi, zipangeni chupa zote mezani na kuziacha zilale usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi tope litakuwa limetuama, na mtaona kwa macho yenu ni kijito gani kinacholeta unene wa vidole viwili na kipi kinacholeta utando tu. Nimeona watu wakibishana miaka kuhusu nani anayeharibu ziwa, wakulima wakiwatupia wafugaji lawama na wafugaji wakiwarudishia. Chupa zikiwekwa mezani, mabishano yanapata mahali pa kusimama. Mara nyingi chanzo kinakuwa sehemu chache sana: korongo moja lililochimbwa na njia ya ng'ombe, shamba la mteremko mkali linalolimwa kwa kufuata maji badala ya kukinga, machimbo ya mchanga, barabara ya vumbi isiyo na mitaro.

Mkiwa njiani chorani ramani. Hata ya mchangani inatosha, mradi mtu mmoja aihamishie kwenye karatasi kubwa ya manila kabla haijafutika. Iwe na chemchemi, mito, makorongo, mashamba ya mteremko, mapito ya mifugo, vyoo na makaburi yaliyo karibu na maji, mazalia ya samaki, na mstari wa mbali kabisa ambao maji yamewahi kufika.

Huo mstari wa mwisho muutilie maanani, kwani watu wengi wanausahau. Mvua za mwisho wa 1961, mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na wazee wa kando ya maziwa mengi wana kumbukumbu za kipindi hicho. Waliozaliwa baadaye walijenga pale maji yalipokuwa yamerudi nyuma. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalifurika, na mjini Naivasha maji yaliingia katika makazi ya Kihoto hadi watu wakahama. Muulizeni mzee akawaonyeshe mti au mwamba ambao maji yaliugusa. Pigeni alama hapo. Kijiji kisigawe kiwanja chini ya alama hiyo, hata kama pamekauka kwa miaka thelathini.

Sasa watu. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia, tena mapema, kwenye kupanga siku ya mkutano. Wavuvi wa usiku hulala mchana. Akina mama wanaokaanga na kuanika samaki wako mwaloni alfajiri na gulioni siku ya gulio. Wafugaji wanaokuja na mifugo kiangazi hawapo masika, na mkutano ukifanyika masika mtawawekea kanuni watu ambao hawakusikilizwa. Matokeo mnayajua: watakuja Agosti na ng'ombe wenye kiu, watakuta uzio, na patatokea ugomvi. Iteni vikao vidogo vingi kabla ya mkutano mkuu. Kikao cha akina mama peke yao, nyumbani kwa mmoja wao, kitawapa habari ambazo hamtazipata mbele ya wanaume, kwa mfano ni wapi maji yananuka, ni mwezi gani watoto huharisha, nani humwaga nini usiku. Halafu nendeni kwa watu wa juu kwao huko huko. Msiwaite wateremke. Anayeomba ndiye anayepanda mlima.

Mkifika huko, msianze na lawama. Mkulima wa mteremkoni naye anapoteza. Udongo unaojaza ziwa lenu ndio ule ule wenye rutuba uliokuwa unampa magunia. Mkimwendea kwa hoja hiyo mtakuwa mnazungumza juu ya hasara yake pia, na hapo makinga maji, matuta ya kukata mteremko na mistari ya majani ya kulishia mifugo yanakuwa faida yake kabla hayajawa yenu. Majani ya tembo yakipandwa kwa mstari kukata mteremko yanashika udongo na wakati huo huo yanalisha ng'ombe wa maziwa. Nyanda za juu za Naivasha walilifanya hili kwa mpangilio mzuri. Mto Malewa, unaotoka milima ya Nyandarua, ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa lile. Chini yake kuna mashamba makubwa ya maua yanayoishi kwa maji hayo. Jumuiya ya watumiaji maji wa upande wa chini, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, ilikubaliana na wakulima wadogo wa juu: ninyi tunzeni udongo, pandeni majani na miti ya matunda, acheni ukingo wa mto, sisi tutawapa kila mwaka hati za kununulia pembejeo. Kiasi cha kila mkulima kilikuwa kidogo. Hata hivyo, mtu wa juu alitambuliwa kuwa mtunzaji anayelipwa, na akaacha kutajwa kama mharibifu. Kijiji chenu huenda hakina shamba la maua, lakini pengine kina hoteli, kiwanda cha barafu, mradi wa maji wa mji au skimu ya umwagiliaji. Hao wote wananufaika. Waombeni wachangie miche na mbegu za majani kwa watu wa juu, na mchango wao uandikwe hadharani.

Upande wa sheria, msijitungie mamlaka ambayo hamna, wala msiyadharau mliyo nayo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji na kuziweka chini ya Bodi za Maji za Mabonde. Ofisi ya bonde la Pangani ipo Moshi, ya Ziwa Victoria ipo Mwanza, ya Bonde la Kati ipo Singida. Nendeni huko mapema, mkiwa na ramani yenu na chupa zenu, kabla ya kuandika mpango. Uvuvi una vikundi vyake vya mwaloni, BMU, na haifai kuunda kamati mpya ya kushindana navyo. Sheria ndogo za kijiji nazo zina nguvu mahakamani zikifuata njia yake: Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Njia hiyo ni ndefu, inachosha, na wengi huikatisha. Ikikatishwa, siku mtakapomtoza faini mtu mwenye wakili, mtashindwa. Nchini Kenya jumuiya za watumia maji zimewekwa na Sheria ya Maji ya 2016, nazo huandaa mipango ya vidakio vyao, yaani maeneo yanayokusanya maji ya mto, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa ziwa la mpakani kama Jipe, vijiji vya pande zote mbili vinaweza kukutana na kukubaliana siku za kufunga uvuvi na aina za nyavu wakati viongozi wakubwa wanaendelea na taratibu zao.

Nirudi kwenye mita 60, kwa sababu ndizo zinazoleta machozi. Ndani ya ukanda huo yupo mama mwenye bustani ya mchicha na nyanya anayesomesha watoto kwa bustani hiyo. Kuna kamati zilizoingia na mapanga zikang'oa kila kitu kwa siku moja. Sikubaliani nazo. Bustani zilirudi usiku, na kuanzia hapo hakuna aliyeitazama kamati kama yake. Orodhesheni kila anayelima ukandani, jina na ukubwa wa eneo. Anayelima hapo kwa sababu hana pengine atafutiwe kwanza eneo la kijiji nje ya ukanda, na njia ya kupata maji, hata kama ni pampu moja ya kukanyaga kwa watu kumi. Mwenye ekari nyingi kwingine anayelima ukingoni kwa tamaa apewe msimu mmoja avune na kuondoka. Katika kipindi cha mpito, anzeni na mita 10 za mwanzo kabisa kando ya maji, sehemu zote, kwa watu wote, mkiacha mafunjo na matete yajiotee yenyewe, kisha msogee juu mwaka hadi mwaka mpaka mtimize mita zote za sheria. Mafunjo hayahitaji kupandwa panapokuwa bado na mizizi, yanahitaji kuachwa. Yanachuja tope na mbolea, na samaki wachanga hujificha humo. Mkipanda miti, pandeni ya asili inayopenda maji, kama mikuyu. Mikaratusi isogezwe mbali na chemchemi.

Na mifugo? Ng'ombe lazima wanywe. Uzio bila birika la kunyweshea ni ugomvi mlioujenga wenyewe. Chagueni njia moja au mbili za kuteremkia, zijengwe kwa mawe ili zisikatike kuwa korongo, na panapowezekana maji yavutwe hadi kwenye birika lililo juu ya ukanda.

Pimeni tangu mwanzo, kabla ya kufanya lolote lingine, au hamtajua kamwe kama mnafanikiwa. Vifaa si vya gharama. Ombeni Bodi ya Bonde iwafungie nguzo ya kusomea kina cha maji, na mtu mmoja aisome kila siku. Pateni sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, ipakeni rangi kwa robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi kwa kupishana, ifungieni uzito chini na kamba yenye alama. Ishusheni majini mchana, upande wa kivuli wa mtumbwi, mahali pale pale kila mara, na mwandike kina ambacho haionekani tena. Inaitwa sahani ya Secchi, kwa jina la padre Mwitalia Angelo Secchi aliyepima uangavu wa bahari kwa njia hiyo mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa wanaitumia mpaka leo. Walimu wa sekondari hulipenda zoezi hili na wanafunzi ni waandishi waaminifu. Mwaloni, kiongozi wa BMU aandike samaki wa chombo kimoja kilichochaguliwa: uzito, aina, na urefu wa samaki kumi wa kwanza. Samaki wakizidi kuwa wafupi mwaka hadi mwaka, mtakuwa mmepata habari kabla ya mitumbwi kuanza kurudi mitupu.

Kuna jambo la mbolea na vyoo ambalo halionekani kwa macho kama tope, kwa hiyo lielezeni vizuri mkutanoni. Mbolea ya chumvichumvi, samadi na kinyesi vina fosforasi na naitrojeni. Vikiingia ziwani vinarutubisha mwani, maji yanageuka kijani. Usiku mwani hautoi hewa ya oksijeni, unaitumia, na unapokufa unaoza na kuimaliza kabisa. Ndiyo maana samaki hukutwa wanaelea alfajiri, na watu husema kuna mtu ametia sumu. Kabla ya kumshika jirani, ulizeni maji yalikuwa na rangi gani wiki hiyo. Fosforasi na naitrojeni hizo hizo ndizo zinazolisha gugu maji. Lilipoenea Ziwa Victoria miaka ya 1990, wadudu wa jamii ya Neochetina walioachiwa kulila walisaidia sana kulipunguza, na bado linarudi kwenye ghuba zinazopokea maji machafu. Kwenye ziwa dogo, mkilikuta likiwa tapo moja, ling'oeni siku hiyo hiyo na kulianika mbali na maji. Asiwepo wa kulichukua nyumbani kwa ajili ya maua yake.

Kuhusu kufunga uvuvi nitasema kifupi. Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wazaliane. Ziwa dogo nalo linaweza kufungwa, lote au mazalia tu, kwa msimu ambao wavuvi wenyewe wanajua samaki wanabeba mayai. Ila jueni kwanza ni nani atakayelala njaa. Mwenye mtumbwi ana akiba. Kibarua wake na mama muuza samaki hawana. Mfuko wa kuweka na kukopa uanze miezi sita kabla ya kufunga, ili siku ya kufunga wawe na kitu.

Kuhusu adhabu, namfuata Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza namna jamii zinavyotunza mali za pamoja duniani. Aliona kwamba zinazodumu zina walinzi wanaotoka miongoni mwa watumiaji, na adhabu zinazoanza ndogo kisha kuongezeka. Kosa la kwanza onyo lililoandikwa, la pili faini anayoweza kuilipa, la tatu chombo kinashikiliwa na suala linapelekwa mbele. Faini kubwa mno haitozwi na mtu yeyote, inageuka rushwa. Na kesi ya kwanza ikimhusu ndugu wa mwenyekiti, shikilieni hapo hapo, kwani kijiji kizima kinatazama.

Fedha ziwe kidogo na za uhakika. Tozo ndogo kwa kila ndoo ya samaki, mchango wa hoteli, faini. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni mwaloni kila mwezi, kwa maandishi makubwa. Mfadhili akija apokelewe kwa heshima, apewe kazi za mara moja: birika, nguzo ya kina, mafunzo. Posho za doria msizitegemee kwake, maana atakapoondoka doria itaondoka naye.

Sasa andikeni. Kurasa nne au tano zinatosha. Ramani, vipimo vya mwanzo, matatizo yasiyozidi matatu, na chini ya kila tatizo kazi, jina la mtu, mwezi, gharama. Jina la mtu, narudia. Kazi iliyoandikiwa "jamii" haifanywi. Mpango usomwe kwa sauti kwenye mkutano wa chini na kwenye mkutano wa juu, kwa lugha ya wenyeji wa huko kama Kiswahili hakiwatoshi, kisha nakala zibaki shuleni, zahanati na ofisi ya kata. Kila mwaka, kwenye mvua kubwa za mwanzo wa masika, pandisheni tena mto ule ule na chupa zile zile.

Na kwenye ukurasa wa kwanza waandikieni watu ukweli kuhusu muda. Majani ya tembo yataonekana msimu wa kwanza, na tope la kijito kilichokingwa linaweza kupungua masika yanayofuata. Samaki watachukua miaka kadhaa. Maji ya kijani yatachukua zaidi, kwa sababu fosforasi iliyolala kwenye tope la chini huendelea kutoka hata baada ya mto kusafishwa. Wakiambiwa hivyo tangu mwanzo, sahani ya Secchi ikisoma kina kile kile mwaka wa pili, hawatamfukuza mwenyekiti wala kurudi kulima ukingoni.